Nikihama mwajiri Dubai, viza yangu itabaki hai?

"Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga. Nipo Dubai mwezi wa 19 sasa, nafanya ufundi wa viyoyozi katika kampuni iliyonileta. Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Napokea dirham 1,800. Mshahara wa msingi ni 1,000, zilizobaki ni posho. Nimepata kampuni nyingine itakayonilipa 2,500 na wananihitaji haraka. Mtu wao wa makaratasi anasema nianze kazi wiki ijayo, viza watainyoosha baadaye, kwa kuwa niliyonayo bado ina miezi mitano. Chumbani kila mtu ana lake: mmoja anasema viza ni yangu mpaka tarehe yake iishe, wa pili anasema ni lazima nitoke nchini nikae miezi sita ndipo nirudi, wa tatu anasema bosi akikataa kunipa barua ya ruhusa nimekwisha. Pasipoti yangu wanayo ofisini tangu siku niliyofika. Sina faini wala kesi. Mama na mke wangu wananitegemea. Nifanyeje nibadili kazi bila kuharibu viza?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kabla ya kutenda, na hilo limetupunguzia kazi, kwa sababu wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Ngamiani huja na makaratasi ya jambo lililokwisha kuharibika. Nikikuelewa vizuri, unachohofia ni kwamba baina ya kazi moja na nyingine kuna kipindi ambacho huna mwajiri, na kwamba katika kipindi hicho unaweza kujikuta huna kibali katika nchi ya watu. Kipindi hicho kipo kweli. Sheria ya huko imekitambua na kukipangia hatua, na karibu taabu zote nilizoziona zimetokana na mtu kuanza na hatua ya tatu akidhani ya kwanza na ya pili zitajimaliza zenyewe.

Kwa hiyo nianze na lililo la haraka: wiki ijayo usiende kazini kwa hao wapya.

Sababu yake iko katika neno lenyewe mnalobishania. Mnaposema "viza" mnataja vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Wizara ya Rasilimali Watu ya Falme za Kiarabu, nacho kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Cha pili ni ukaazi, unaotolewa na mamlaka ya uhamiaji, nao umesimama juu ya kile kibali. Zamani ukaazi ulibandikwa ndani ya pasipoti. Tangu mwaka 2022 kibandiko kimeondolewa na kitambulisho chako cha mkazi ndicho ushahidi. Mwenzako anayesema viza ni yako mpaka tarehe iishe anaisoma tarehe hiyo kama ahadi, ilhali ni ukomo tu, na una maana kwa muda ambao mwajiri yuleyule anaendelea kukuajiri. Mgomba ukikatwa, mkungu haunenepi tena hata kama ulibakiza mwezi mmoja kukomaa. Kibali cha kazi kikifutwa, ile miezi mitano uliyoihesabu inafutika pamoja nacho.

Sasa tazama yatakayotokea ukimsikiliza yule mtu wa makaratasi. Utakuwa unamfanyia kazi mtu ambaye kibali chako hakimjui. Mkaguzi akipita, kampuni hiyo inakabiliwa na faini, ambayo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2024 ni kuanzia dirham 100,000 hadi 1,000,000 kwa kumwajiri mtu asiye na kibali chao. Wewe nawe utakuwa umevunja masharti ya ukaazi wako na unaweza kuondolewa nchini. Wakati huohuo, kwa mwajiri wako wa sasa utahesabiwa kuwa hukufika kazini. Zikipita siku saba mfululizo bila taarifa, anaruhusiwa kutoa ripoti kwamba umeacha kazi na hajui ulipo, ile ambayo ninyi mnaiita kuandikwa mtoro. Ripoti hiyo ikithibitika, hupewi kibali kingine cha kazi kwa mwaka mzima. Ahadi ya kunyoosha viza baadaye haitakuwa na nguvu tena, kwa kuwa maombi ya kampuni mpya yatakataliwa hata kama nia yao ilikuwa safi. Ipo njia halali ya kufanya kazi kwa mwajiri wa pili huku ukiwa na wa kwanza, yaani kibali cha kufanya kazi saa chache tu kwa siku, lakini nacho ni karatasi ya Wizara inayotangulia kazi, nami sidhani ndicho wanachokutakia.

Hao wenzako wawili wengine nao hawakubuni maneno yao kichwani. Kabla ya mwaka 2011 mambo yalikuwa karibu na hivyo wanavyosimulia: aliyeacha kazi alihitaji barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi, na asipoipata alifungiwa miezi sita. Waliokuwa Dubai miaka ile wamerudi na habari hizo, wakazisimulia vibarazani, na zinaendelea kurithishwa pamoja na magodoro ya chumbani. Sheria ya kazi inayotumika sasa ni Amri Na. 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, na chini yake mfanyakazi anaweza kuvunja mkataba kabla ya mwisho wake kwa sababu inayokubalika, mradi atoe notisi ya maandishi na kuitumikia. Barua ya ruhusa ya bosi si sharti, wala huna haja ya kutoka nchini, kwa kuwa hadhi ya ukaazi hubadilishwa ukiwa hukohuko.

Notisi ndiyo hatua ya kwanza, nayo si jambo la kupigiwa simu. Fungua mkataba wako uliosajiliwa Wizarani, ambao unaweza kuusoma katika programu ya Wizara kwenye simu yako, utazame umeandikwa siku ngapi. Sheria inataka zisipungue 30 wala zisizidi 90. Ungekuwa bado katika miezi sita ya majaribio kanuni ingekuwa nyingine, maana anayehamia kwa mwajiri mwingine humohumo nchini hutoa notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya humrudishia wa zamani gharama za kumleta. Lakini wewe umekwisha kuivuka miezi hiyo. Andika barua fupi isiyo na malalamiko: "Natoa notisi ya siku 30 kuanzia leo tarehe fulani, siku yangu ya mwisho ya kazi itakuwa tarehe fulani." Tarehe mbili, jina, namba ya kitambulisho, basi. Itume kwa barua pepe na pia kwa ujumbe wa simu wa msimamizi wako, kisha hifadhi picha inayoonyesha kwamba imefika. Katika siku hizo zote unafanya kazi kama kawaida na unalipwa mshahara kamili. Ukiikatiza notisi, utadaiwa mshahara wa siku ulizokatiza, na kubwa kuliko hilo utakuwa umempa mtu sababu ya kukuandika mtoro.

Unayo njia nyingine, nayo ni kungoja miezi mitano mkataba uishe, ukatoa taarifa kwamba huongezi. Hiyo ndiyo njia yenye ubishi mdogo kuliko zote, kwa sababu hakuna atakayeuliza kwa nini umeondoka. Gharama yake tuihesabu. Tofauti ya mshahara ni dirham 700 kwa mwezi, na kama notisi yako ni ya siku 30, kungoja kunakunyima miezi minne ya tofauti hiyo, yaani dirham 2,800. Kwa nyumba inayokula kwa mkono wako mmoja hiyo si fedha ya kudharau. Nikipima yote, na kama mkataba unasema siku 30, mimi ningetoa notisi sasa, kwa sharti moja: ofa ya kampuni mpya iwe mkononi kwanza, katika sura inayotambuliwa na Wizara. Kama mkataba unasema siku 90, faida hupungua hadi dirham 1,400, na hapo ningengoja mkataba ukaisha kwa amani.

Nikisema ofa, sina maana ya ujumbe wa simu wala karatasi yenye nembo. Ofa halali hutolewa kupitia mfumo wa Wizara, ina namba ya muamala, na inataja cheo, mshahara wa msingi, posho na muda wa notisi. Utakachosaini baadaye kama mkataba hakipaswi kupungua kuliko humo. Angalia hasa mshahara wa msingi. Kampuni inayokuahidi 2,500 lakini ikaandika msingi wa 800 imekupunguzia kiinua mgongo chako cha miaka ijayo bila wewe kuhisi. Waulize pia kama faili la kampuni yao liko wazi Wizarani, kwa sababu kampuni isiyolipa mishahara kwa wakati kupitia mfumo wa benki unaosimamiwa na Wizara husimamishiwa vibali vipya, na mara nyingi ndiyo hizo zinazowaambia vijana waanze kazi kwanza. Wakikuomba hata dirham moja "ya viza", kataa: sheria inakataza mfanyakazi kulipishwa gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kukatwa polepole. Kampuni isiyoweza kukungoja siku 30 za notisi ilhali yenyewe inajua sheria inakutaka uzitumikie, mwanangu, mimi ningeitilia shaka kabla sijaitilia shaka viza yako.

Pasipoti uidai leo, kabla hujatoa notisi. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia, hata kama ulimkabidhi mwenyewe kwa hiari siku ya kwanza. Omba kwa upole na kwa maandishi, useme unataka kuangalia tarehe ya kuisha, ambayo kwa kweli inafaa kuangaliwa: ikiwa imebakiza chini ya miezi sita, ukaazi mpya utakwama, na itakubidi kwanza uishughulikie kupitia ubalozi mdogo wetu uliopo Dubai. Wakikataa, malalamiko hupokelewa na Wizara kwa njia ya programu ileile au kwa simu, na kwa madai yasiyozidi dirham 100,000 mfanyakazi hatozwi ada ya mahakama.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa usome polepole, yaani hatua ya pili, siku ya kufutiwa kibali. Mwaka juzi kijana mmoja wa Pangani aliketi mbele ya meza yangu akatoa bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na chini kabisa sahihi yake na alama ya dole gumba ya wino wa buluu. Alikuja kuniuliza namna ya kudai kiinua mgongo cha miaka minne. Nilimsomea mstari uliokuwa juu ya dole gumba lake: ulisema amepokea stahiki zake zote na hana dai lolote kwa mwajiri. Aliambiwa asaini haraka kwa kuwa gari la uwanja wa ndege lilikuwa linangoja nje. Karatasi ya kufuta kibali ina mstari huo, na si hila ya kampuni moja. Ndivyo fomu ilivyo. Kwa hiyo hesabu yako ifanywe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiinua mgongo kwa miaka mitano ya mwanzo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka, na ukishatimiza mwaka mmoja, vipande vya mwaka unaofuata navyo vinahesabiwa. Msingi wako ni 1,000, hivyo siku moja ni dirham 33 na senti, na siku 21 ni dirham 700 kwa mwaka. Ukimaliza notisi ukiwa umetimiza miezi 20, unadai takriban dirham 1,166. Ongeza siku za likizo ambazo hukuzichukua, na mshahara wa siku za mwisho. Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba kukoma za kukulipa vyote hivyo. Ukiona fedha imeingia benki, saini. Ikiwa haijaingia na wanakuharakisha, sema utasaini ikishaingia, na wakishupaa peleka suala Wizarani. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2024 Wizara ina mamlaka ya kutoa uamuzi wenyewe katika madai yasiyozidi dirham 50,000, kwa hiyo dai la kiasi chako si lazima lianzie mahakamani. Nauli ya kurudi Tanzania usiihesabu humo, kwa maana ukihamia kwa mwajiri mwingine nchini, mwajiri wa zamani hadaiwi tiketi.

Kibali na ukaazi vikishafutwa ndipo kinapoanza kile kipindi ulichokuwa ukikihofia. Hupaswi kuondoka siku hiyo. Unapewa siku za kukaa kihalali huku ukishughulikia jambo lako, na idadi yake hutegemea kundi la ukaazi na daraja la ujuzi. Zipo za siku 30 na zipo zinazofika 180. Tarehe ya mwisho utaikuta katika karatasi ya kufutiwa yenyewe, na hiyo ndiyo uiamini, si ya rafiki yako aliyefutiwa mwaka jana. Mimi huwashauri watu wapange kana kwamba wana 30 tu. Ukizidisha, faini ni dirham 50 kwa siku. Siku 40 za uzembe ni dirham 2,000, zaidi ya mshahara wako wa mwezi wa sasa. Ndani ya siku hizo kampuni mpya inakamilisha kibali chao, inabadilisha hadhi yako ukiwa hapohapo nchini, unapimwa afya, unachukuliwa alama za vidole, na kitambulisho kipya kinatoka. Kibali chao kikishatoka, hapo ndipo hatua ya tatu, siku yako ya kwanza ya kazi.

Jambo dogo ambalo huwakwamisha watu dakika za mwisho ni ile bima ya kukosa kazi iliyoanza mwaka 2023. Kwa kiwango chako cha mshahara ni dirham 5 kwa mwezi. Haitakulipa kitu ukijiuzulu mwenyewe, lakini asiyejiandikisha anatozwa faini ya dirham 400, na faini isiyolipwa huzuia kibali kipya. Angalia leo kama jina lako limo. Mkataba wako ukiwa na kifungu cha kutofanya kazi kwa mshindani, usome pia. Kinahusu hasa wanaoshika siri za biashara na wateja, na hakiwezi kuzidi miaka miwili.

Najua pia kuna jaribu la kutumia nafasi hii kuja nyumbani kwanza. Ukija baada ya ukaazi kufutwa, utarudi kwa ruhusa mpya ya kuingia itakayoombwa na kampuni mpya, jambo ambalo ni halali kabisa lakini linachukua muda na nauli, na wewe huku huna mshahara. Usilolifanya kamwe ni kuomba likizo kwa mwajiri wa sasa, ukapanda ndege, kisha ukabaki Tanga ukingoja wale wapya wakuite. Kibali chako kitakuwa bado kiko kwa yule wa kwanza, naye atakapokuandika mtoro utakuwa mbali na simu zako hazipokelewi.

Yapo mazingira ambayo barua hii haitoshi na ni lazima uende kwa mtu ana kwa ana. Ukigundua kwamba ripoti ya utoro imekwisha kutolewa, nenda Wizarani na ubalozi mdogo siku hiyohiyo, ukiwa na ushahidi wa mahudhurio na wa mishahara, kwa sababu ripoti ya uongo inaweza kupingwa, lakini siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa ngumu. Hali kadhalika kama umekwisha kufanya kazi kwa hao wapya hata siku chache, kama hujalipwa mishahara, au kama umepigwa au kutishiwa. Katika mambo hayo ya mwisho sheria inakuruhusu kuacha kazi bila notisi, ila kuna taarifa ya kutoa kwanza na muda wake ni mfupi, basi pata wakili mwenye leseni. Kama kampuni mojawapo imesajiliwa katika eneo huru la biashara, kibali hutolewa na mamlaka ya eneo hilo na hatua zake zinatofautiana kidogo, hivyo uliza kaunta yao. Dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani wana sheria yao peke yao, ya mwaka 2022, na wasitumie hesabu niliyokufanyia. Na kama una ndugu Muscat, usimtumie barua hii: Oman nayo iliondoa sharti la barua ya ruhusa kwa aliyemaliza mkataba wake tangu tarehe 1 Januari 2021, lakini hatua za huko ni zao.

Limebaki la huku nyumbani. Iwapo ofa mpya inakutaja kama fundi mwenye sifa, huenda ukatakiwa kutoa cheti kilichothibitishwa, na cheti hakithibitishwi kwa picha ya simu. Mwambie mkeo akitafute cheti chako cha VETA wiki hii, halisi, si nakala. Kinapitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam, ndipo kinatumwa kwako kikamilishiwe huko. Akikikuta, kabla hajapanda basi la Dar apite hapa Ngamiani nimwangalizie kama jina lililo kwenye cheti linalingana herufi kwa herufi na lile la kwenye pasipoti.